Tego Lililokosea Mlango

Kama una chai mkononi, iweke chini kwanza. Ninachokwenda kukusimulia leo hutakiamini, na sikulaumu, maana hata waliokuwa ndani ya nyumba ile pale Nyahanga ukiwauliza wanabaki kuangaliana.

Mtu alikiri zinaa ambayo hakuifanya. Akamtaja na mwanamke kwa jina lake. Na mwenye mke akaja, akakaa chini, akasema ndiyo, ni mimi niliyemtega.

Nyie mlionipigia simu wiki nzima kuuliza kama Bujiku amekufa, tulieni. Hajafa. Ila kuna mahali humu ndani mtatamani angekufa mapema, asiyaone aliyoyaona.

Kwa wewe uliyetukuta njiani: Bujiku ni mchimbaji, anazama kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, upande wa Bugarama. Mke wake, Paskalia, anauza sato wa kukaanga hapo Nyahanga, Kahama mjini. Wana binti mmoja, Sesilia. Bujiku alitokwa na jipu mahali pabaya, kule chini, katikati ya korodani na makalio. Akaona aibu, akalificha. Akalitoboa mwenyewe kwa sindano ya kushonea viroba. Likavimba, likawa jeusi, likaanza kunuka, na bado akawa anazama duarani, anatembea kapanua miguu kama katahiriwa jana. Mwisho akaanguka, wenzake wakamleta nyumbani kwa pikipiki, kabanwa katikati yao kama kiroba cha mawe.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alifunua shuka mara moja tu. Akalirudisha.

"Huyu aende Shinyanga kwa wapasuaji," akasema. "Leo. Hiyo kesho msiitaje kabisa."

Ndipo akaingia kaka mkubwa wa Bujiku, Ndaki, mwenye gari. Na Ndaki akasema gari halitoki.

"Halitoki," alirudia, funguo anazichezesha kidoleni. "Huu ugonjwa haupigwi sindano."

"Kaka, naungua," Bujiku akasema kutoka kwenye godoro la sebuleni.

"Najua unaungua. Hilo ni tego. Tego ukilipiga sindano, mtu anakata roho sindano haijatoka. Nimeona kwa macho yangu."

Msomaji wangu wa mjini usiyejua tego, nakueleza haraka. Ni dawa. Mume anamwekea mke wake kwa siri. Mwanaume mwingine akimgusa mke huyo, anaoza palepale alipofanyia kosa. Na dawa ya kupona, wanasema, ni moja: utaje jina la mwanamke, mume wake aitwe, umwombe msamaha, alifungue mwenyewe kwa mdomo wake.

Ndaki alikuwa kaja na mganga kabisa. Mzee Kalisti. Mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya samaki wa Paskalia mapajani, anakula bila haraka.

"Mtaje, mwanangu," mzee akasema. "Hapa hatuko kanisani."

"Sina mwanamke."

"Wote huanza hivyo." Akachomoa mwiba kwenye meno. "Halafu wanataja. Wengine wanataja mpaka wale ambao hatujawauliza."

"Mzee, nakuapia. Mimi ni duarani na nyumbani. Hata nguvu za mambo hayo sina, tangu mwaka huu uanze ni kiu tu na kukojoa."

Hiyo ilikuwa kweli, na kambi nzima walijua. Bujiku alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Anakojoa, anarudi, anakojoa tena. Na alipokojoa, sisimizi walijaa. Wenzake waliona, wakashangilia. Wakasema sisimizi hawaji bure, chini hapo pana mali. Wakafungua duara jipya palepale alipozoea kukojolea, wakapata vipunje vya dhahabu, wakaliita Duara la Sisimizi. Tangu hapo kila wakitaka kuchimba mahali, wanamwambia, Bujiku, hebu tupimie.

Shika hilo la sisimizi. Tutalirudia.

Paskalia alikuwa ameshakwenda barabarani kutafuta gari lingine. Wenye teksi wakaja, wakafika mlangoni, harufu ikawapokea. Mmoja akamwambia, "Mama, mimi nabeba abiria, hiyo harufu ikiingia kwenye viti nitakula wapi?" Wakaondoka. Lililobaki ni la Ndaki tu.

"Shemeji," Paskalia akasema, "twende hospitali. Hayo ya wanawake tutayamalizia huko huko."

"Akifa kwa sindano, ukoo wote utasema mimi ndiye niliyempeleka kufa. Mama atasema Ndaki kaniulia mtoto. Wewe utakuwa wapi siku hiyo?"

Paskalia akapiga magoti kwenye godoro. Akamshika mume wake mkono.

"Baba Sesilia. Mtaje. Sitapiga kelele, sitakuuliza kitu. Mtaje twende."

Maneno hayo yalimchoma Bujiku kuliko lile jipu. Hakuuliza, ni kweli unaye? Alisema mtaje. Kama mtu aliyekuwa anajua siku zote kwamba yupo, anasubiri jina tu.

Akafumba macho. Alianza kuhisi baridi, meno yanagongana, na sebule kuna joto. Akajua anakwenda. Akajua pia kwamba kati yake na hospitali pana mlango mmoja tu, na ufunguo wake ni jina la mwanamke.

Basi akatafuta jina ambalo halitamuumiza mtu.

Akampata Hosiana.

Hosiana ni mama ntilie wa kambini, mke wa Enock. Na Enock ndiye mwenzake wa kamba. Wanashuka pamoja, wanapanda pamoja. Enock anajua Bujiku kalala wapi, kala nini, kakojoa mara ngapi. Bujiku akapiga hesabu yake ya mgonjwa: Enock akiitwa, ataelewa mara moja kwamba nimebanwa. Atacheka. Atasema yameisha, nimemsamehe, mpelekeni mtu hospitali. Nikipona tutalicheka hili mpaka tuzeeke.

"Hosiana," akasema. "Mke wa Enock."

Funguo za gari zikaanguka sakafuni.

Ndaki akainama kuziokota. Akakaa kule chini muda mrefu kuliko funguo zinavyostahili.

"Nani?" akauliza.

"Hosiana."

"Una uhakika?"

Mzee Kalisti akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Mtu anaulizwa kama ana uhakika na dhambi yake."

Paskalia hakupiga kelele, kama alivyoahidi. Alisema jambo moja tu, taratibu. "Yule niliyemwazima sufuria langu kubwa."

Halafu Ndaki akageuka kabisa. Mtu aliyekuwa anazuia gari tangu asubuhi akasema, "Basi, jina tumelisikia, yatosha. Twende hospitali."

"Hamwendi," Mzee Kalisti akasema. "Mume hajalifungua. Mnataka kuniharibia jina?"

"Mzee, mtu anakufa."

"Si wewe uliyesema haupigwi sindano? Au umebadilika?"

Wakati hao wanabishana, Paskalia kashika simu. Kampigia Enock. Enock siku hiyo alikuwa Kahama mjini, kaleta moko yake, ile chuma ya kuvunjia mwamba, inolewe.

"Shemeji, njoo nyumbani," Paskalia akasema. "Rafiki yako anakufa. Na kasema anakufa kwa ajili ya mke wako."

Upande wa pili kelele za mashine ya kunolea tu. Kisha: "Nakuja."

Enock akafika, moko bado kaishika mkononi. Akavua kandambili mlangoni kama kawaida yake. Akaingia, akamwangalia Bujiku pale chini.

Bujiku akamkonyeza.

Enock hakukonyeza. Akakaa chini, mgongo ukutani, machozi yakaanza kumtoka.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimewaza watu wote. Nimemuwaza mpaka yule mzee wa karasha la kusagia mawe, mwenye jicho moja. Wewe sikukuwaza hata mara moja."

"Enock..."

"Ndiyo," Enock akasema, anamwangalia mganga sasa. "Ni mimi niliyemtega. Mzee, ile dawa yako inafanya kazi."

Wote wakamgeukia Mzee Kalisti. Mzee akakohoa, akajifuta midomo.

"Dawa zangu hazina longolongo," akasema.

Umeona hapo? Mtu mmoja kauza mtego kwa huyu, kaja kuutegua kwa yule, na katikati kala samaki wa bure.

"Enock, nisikilize," Bujiku akasema, anajaribu kuinuka kwa kiwiko. "Ni uongo. Nimesema tu ili wanipeleke hospitali. Hosiana sijamgusa. Wewe mwenyewe unajua."

"Nilichokuwa najua ni kwamba mke wangu ana mtu. Simu inaita anatoka nje. Nikirudi nakuta kajipaka mafuta. Mtu ndiye nilikuwa simjui."

"Siyo mimi."

"Akili zinaanza kumruka," Mzee Kalisti akaeleza. "Tego likifika hapo, mtu anakana hata jina lake."

"Nyamaza, mdogo wangu," Ndaki akasema haraka. "Usiharibu."

Mzee akamimina maji kwenye kibuyu kidogo, akampa Enock. Kazi yake ilikuwa nyepesi: apige funda moja, ampulizie mgonjwa kifuani, aseme nimekusamehe. Basi. Ila kwanza Bujiku aombe.

Bujiku aliomba. Kwa kosa ambalo hakulifanya, akamwambia rafiki yake, "Nimekukosea kwa mke wako. Nisamehe."

Enock akapiga funda. Mashavu yakajaa. Akainama juu ya kifua cha Bujiku, wakaangaliana uso kwa uso, karibu kabisa, kama wanavyoangaliana duarani kila siku kamba inapovutwa.

Akayameza yale maji.

Akaweka kibuyu chini, akavaa kandambili zake, akachukua moko yake. "Akaoze," akasema, akaondoka.

Paskalia akanyanyuka. Akamnyang'anya Ndaki funguo, akampa tena, akamfumba vidole juu yake. "Akifa kwa sindano nitasema mimi ndiye niliyemuua. Nitamwambia mama kwa mdomo wangu. Washa gari."

Cha ajabu, Ndaki hakubisha. Walimlaza Bujiku kiti cha nyuma kwa ubavu, kichwa kwenye mapaja ya mke wake, na Ndaki akakanyaga mafuta kama anakimbizwa. Mzee Kalisti kaachwa mlangoni anaulizia nauli ya kurudi.

Kutoka Kahama mpaka Tinde Paskalia alikuwa anampepea na kipande cha boksi. Anampepea vizuri, bila kumwangalia.

Walipofika Tinde, Paskalia akashuka kununua maji. Wakabaki Bujiku na kaka yake.

Ndaki akamtazama kwenye kioo. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinichezee. Wanawake wote wa Bugarama, kwa nini ukamtaja yule? Nani alikuambia?"

Bujiku alikuwa na homa kali, lakini hilo halikuhitaji akili nyingi. Simu inaita, Hosiana anatoka nje. Gari la kaka linaonekana kambini kila wiki, eti kuangalia mawe, na Ndaki hajawahi kununua hata kokoto. Funguo zilizoanguka.

"Kumbe ni wewe," Bujiku akasema. Maneno yaleyale ya Enock.

Ndaki akageuka kuangalia barabara. Mzima wa afya. Shingo nene, inang'aa kwa jasho. Hana jipu, hana homa, hana hata chunusi.

"Sasa tego lako liko wapi, kaka?" Bujiku akamuuliza.

Paskalia akafungua mlango na chupa ya maji. Ndaki akawasha gari.

Shinyanga hospitali hawakuuliza habari za wanawake. Walichukua tone la damu kidoleni, wakasoma mashine, wakaitana. Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi anaitwa Euphrasia, akafunua, akabonyeza ngozi juu ya kinena, ikalia kama unakanyaga changarawe ndani ya soksi.

"Ulikuwa unakunywa maji sana?" akauliza.

"Sana."

"Unakojoa sana?"

"Sana. Mpaka sisimizi wanakuja."

"Mliwaona sisimizi na mkakaa kimya?"

Bujiku akaona aibu kueleza kwamba hawakukaa kimya. Walichimba.

"Una kisukari," Daktari Euphrasia akasema. "Umekaa nacho muda mrefu bila kujua. Kisukari kinalegeza kinga. Kajipu kadogo, ukakatoboa na sindano chafu, vijidudu vikaingia chini ya ngozi, vikatembea. Nyama inakufa inaoza wewe unaiona. Dawa peke yake haitoshi, lazima niikate yote iliyokufa. Leo hii. Na nitarudia, mpaka nifike kwenye nyama inayotoa damu."

Paskalia alikuwa kasimama pembeni, kashika ndala za mume wake. "Daktari, samahani. Hii siyo ya wanawake?"

"Ya wanawake vipi?"

"Siyo tego? Siyo magonjwa ya zinaa?"

"Mama, hii inampata padri, inampata mtoto mchanga, inampata bibi. Haihusiani na wanawake kabisa."

Bujiku akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona mwanga. Akamgeukia mke wake, akatabasamu.

Paskalia hakutabasamu.

"Kwa hiyo ugonjwa haukukulazimisha," akasema. "Ugonjwa wenyewe haujui habari za Hosiana. Wewe ndiye unayezijua. Wewe ndiye uliyesema."

Unaona lilivyogeuka? Kabla ya hapo alikuwa na tego la kusingizia. Daktari kaliondoa tego, kosa limebaki peke yake, uchi.

"Mama Sesilia, nilibanwa, nili..."

"Usijisumbue. Nitakuuguza. Nitakuosha, nitakulisha, nitakubadilisha shuka. Siku utakayosimama kwa miguu yako mwenyewe, mimi na Sesilia tunaondoka."

Wakamsukuma kwenda kupasuliwa. Wakampiga sindano, na hakufa.

Aliamka na bandeji kutoka kitovuni mpaka mapajani. Ngozi yote ya kule chini ilikuwa imeondoka. Uume upo, korodani zipo, ila zimefungwa kwenye shashi kama mayai ya kupelekwa safari. Daktari alimwambia ngozi itachukuliwa kwingine baadaye, apandikizwe, wengine wamepona wakazaa. Kwanza aishi.

"Na kuishi kwenyewe hakujawa uhakika," Daktari Euphrasia akasema asubuhi alipofungua bandeji. Paskalia na Ndaki walikuwepo. "Kidonda kimepanda. Kinaelekea tumboni. Leo narudi tena ndani, na damu yake imeshuka sana. Ile tuliyokuwa nayo ya kundi lake tumemwekea jana yote. Nataka ndugu wajitolee sasa hivi."

Paskalia alikuwa wa kwanza kukunja mkono. Wakampima, kundi lake halikuingiliana. Wakawapigia wenzake wa duarani. Habari za tego zilikuwa zimeshafika kambini, na mmoja wao akajibu kwa niaba ya wote: "Mwambieni pole. Ila damu yetu isije ikachanganyika na mambo yale, sisi tunazama."

Watu waliochimba dhahabu kwenye mkojo wake, damu wakaiogopa.

Akabaki Ndaki. Wakampima. Kundi lilelile, baba mmoja, mama mmoja.

Paskalia alipotoka kwenda kusuuza kitambaa, Ndaki akavuta kiti mpaka kitandani. Akaongea taratibu, kama mtu anayemliwaza mgonjwa.

"Mdogo wangu. Wewe ulishasema la kusema. Enock kakubali, mkeo kakubali, dunia imeshakubali. Hakuna kilichobaki kuharibika."

"Kaka."

"Ngoja nimalize. Mimi nina wake wawili na watoto sita. Enock ana moko yenye ncha mpya. Ukibaki na maneno yako yaleyale, damu yangu yote ni yako, wachukue mpaka nianguke. Ukiyabadilisha, ina maana Enock atatafuta mwingine. Mimi nitakuwa nimeshavuka Geita kabla hujafika mlango wa wapasuaji."

"Ungeniacha nife?"

Ndaki alifikiri kidogo. Ubaya wa kaka yule ni kwamba alifikiri kweli.

"Wewe usinifikishe huko," akasema. Akaanza kukunja mkono wa shati.

Wakamhamishia Bujiku kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsogeza koridoni wasubiri damu. Paskalia karudi, kasimama upande wa kichwa. Ndaki upande wa miguu, mkono wazi mpaka juu ya kiwiko, mshipa umetuna.

Hapo ndipo akatokea mwanamke anatembea kwa kuegemea ukuta. Jicho moja limefunga. Mdomo umepasuka. Kavaa gauni la kupikia, lina masizi, miguu haina kiatu.

Hosiana.

Kuna wagonjwa koridoni walisogeza miguu yao apite. Ndaki akajibanza nyuma ya mtungi wa oksijeni, kama mtungi ungemficha.

Hosiana hakumwangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa Paskalia, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Paskalia hakuitikia marahaba.

"Sikuja kugombana," Hosiana akasema. "Nimekuja anisemee huyu. Enock kanitoa nje na gauni hili nililovaa. Mtoto kamzuia ndani. Bado ananyonya, dada, hata uji hajui." Akageuka kitandani. "Baba Sesilia, mimi nimekukosea nini? Nimewahi kukupa hata chai ya bure? Hata chumvi nimewahi kukuongezea bila kuomba?"

"Hapana," Bujiku akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kwa nini mimi?"

Bujiku angemwambia nini? Kwamba alimchagua kwa sababu aliona yeye ndiye hataumia?

Paskalia alimwangalia mwanamke yule pale chini, halafu akamwangalia mume wake. Na kwa mara ya kwanza tangu Nyahanga, uso wake ukasita. Akatoa simu kwenye kanga. Akabonyeza namba, akaweka sauti kubwa, akaishikilia juu ya kifua cha Bujiku, palepale maji ya Enock yalipotakiwa kuangukia.

"Yeye anataka useme. Na mimi nataka kusikia," Paskalia akasema. "Mwambie Enock. Ndiyo au hapana. Ukisema hapana, utamwambia na kwa nini ulimtaja."

Simu ikaanza kuita.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. "Ndugu wa Bujiku, wa kutoa damu, aingie."

Ndaki hakuingia. Alisimama na mkono wake wazi, anamwangalia mdogo wake, funguo za gari ziko kwenye mkono wa pili.

Bujiku aliangalia mshipa wa kaka yake. Kisha akamwangalia Hosiana. Gauni lake mbele lilikuwa limelowa sehemu mbili, maziwa yanamwagika yenyewe, na mwenye kuyanyonya yuko Bugarama analia. Mwanamke huyo naye alikuwa na lake la kuficha, wote watatu walilijua, yeye, Ndaki na mgonjwa. Hakulisema. Alikuja kukana lile ambalo si lake tu.

Simu ikapokelewa. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya Enock, mtoto alikuwa anapiga kelele.

"Haloo," Enock akasema. "Sema, nakusikia."

Ukisema ndiyo, unapata damu. Ukisema hapana, mtoto anapata ziwa, na wewe unabaki na harufu yako hapo koridoni.

Ungekuwa wewe ndiye uliyelala kwenye kitanda kile, ungemjibu nini Enock?